AC na bafu kwenye tela la kulala: shughulikia boksi kabla ya kununua mashine

*Swali:* Shikamoo fundi. Nimejitengenezea tela la kulala familia: urefu mita 3.6, upana 1.8, kimo cha ndani 1.9. Chasi ni bomba za mraba, nje nimepiga alumini, ndani plaiwudi ya milimita 6, katikati yake hakuna kitu. Ekseli ni moja, ya Hiace ya zamani, breki sijaunganisha. Nimelipima kwenye mzani, likiwa tupu ni kilo 780. Navuta kwa Prado. Tunataka kwenda nalo Pangani, Mikumi na Lushoto, mimi, mke wangu na watoto wawili. Fundi wa mtaani amenishauri nifunge AC ya BTU 12,000, inveta ya wati 3,000 na betri mbili za N200, halafu bafu la ndani lenye vigae na shawa ya umeme kama ile ya nyumbani. Je, itakubali? (Msomaji, Tegeta, Dar es Salaam)

Marahaba. Hongera kwa kazi, na hongera zaidi kwa kulipeleka kwenye mzani, maana kumi wanaoniuliza maswali haya, tisa hawajui tela lao lina kilo ngapi.

Itakubali kuwaka, ndiyo. Kukulaza usiku kucha haitakubali. AC ya kawaida ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza) inakula wati 1,100 hivi kompresa ikizunguka. Betri mbili za N200 kwenye karatasi ni wati-saa 4,800, lakini hizo ni betri za kuwashia lori: zimeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha zijazwe na injini tena. Hata ukizilazimisha kushuka hadi nusu, unapata wati-saa 2,400. Toa kinachopotea ndani ya inveta, na AC yako ina chini ya saa mbili. Mtalala saa nne usiku kwenye baridi na kuamka saa sita mkiwa mmeloa jasho. Fanya hivyo mara kadhaa na betri zenyewe zitakuwa za kuuza kwa kilo.

Shawa ya umeme ndiyo kabisa. Zile za kufunga juu ya kichwa zinakula wati 5,500 au karibu na hapo. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni zaidi ya ampea 450. Inveta ya wati 3,000 itajizima kabla hujalowesha nywele, na shukuru ikijizima, kwa sababu waya usiojizima unaungua.

Simlaumu fundi wako. Amekupa hesabu ya nyumba iliyounganishwa na umeme wa TANESCO. Tela ni kitu kingine: kila unachokiweka unakibeba, na kila unachokiwasha umekibeba pia, ndani ya betri.

Kabla ya mashine yoyote, tazama safari zako ulizozitaja. Pangani mwezi wa Januari usiku hauteremki chini ya nyuzi 25 au 26, na hewa imejaa unyevu. Hapo unataka ubaridi, wala huhitaji maji ya moto, maana maji yaliyoshinda kwenye tangi juani yanakuwa ya uvuguvugu tayari. Lushoto mwezi wa Julai unajifunika blanketi mbili na AC huigusi, ila maji ya kuoga ya baridi yatawaliza watoto. Mikumi iko katikati, kutegemea msimu. Kwa hiyo AC na maji ya moto havitafanya kazi usiku mmoja. Usinunue umeme wa kuendesha vyote viwili kwa pamoja, na maji ya moto usiyatafute kwenye umeme hata kidogo. Ukikubali hilo, nusu ya gharama imeondoka.

Sasa lile utakalochukia kulisikia: bandua plaiwudi.

Najua umeshaipaka rangi. Bandua. Paa lako lina mita za mraba zipatazo 6.5, na bati likipigwa na jua la saa saba mchana linafika nyuzi 60 hivi. Lilivyo sasa, alumini, hewa kidogo, plaiwudi nyembamba, kwa hesabu yangu paa peke yake linaingiza ndani karibu wati 900 za joto. Ukijaza pengo hilo kwa povu gumu la milimita 25, linashuka hadi wati 230 hivi. Fanya hivyo na kuta zote nne na sakafu, utaona kwa nini fundi wako alifikia BTU 12,000: alikuwa sahihi kwa boksi ulilomwonyesha. Ukilibadilisha boksi, mashine inapungua.

Tumia povu la kubana lililo gumu, si lile jeupe la chembe chembe linalokuja na televisheni mpya, ambalo njia mbovu italisaga na kuliacha kama chumvi ndani ya ukuta. Kila bomba la chuma kati ya bati na plaiwudi ni daraja la joto: gusa plaiwudi yako mchana na utaweza kuhesabu mabomba kwa kiganja. Bandika ukanda mwembamba wa povu juu ya kila bomba kabla ya kurudisha plaiwudi. Usipofanya hivyo, AC ikiwaka usiku hapo kwenye mabomba ndipo ukuta utatoka jasho, na baada ya masika moja utaona madoa meusi ya kuvu yamejipanga kwa mistari. Tela langu la kwanza lilikuwa hivyo. Nililiuza nikiwa nimelipaka rangi upya, na mpaka leo dhamiri inanisumbua kidogo.

Paa lipake rangi nyeupe. Paneli za sola zifunge juu ya reli zilizoinuka sentimita 5 hivi kutoka kwenye bati, hewa ipite chini yake. Hapo paneli zinakuwa mwavuli na jenereta kwa mpigo mmoja.

Boksi likishazibwa hivyo linakuja jambo ambalo watu hawalifikirii. AC ya vipande viwili, kimoja ndani na kimoja nje, haileti hewa ya nje. Inazungusha ileile ya ndani na kuipoza. Chumba chenu kina lita 12,000 za hewa, toa vitanda na kabati baki na 10,000. Watu wanne waliolala wanatoa lita 40 na zaidi za hewa chafu ya kaboni dioksaidi kila saa. Kama hakuna hata tundu, kufikia alfajiri imepita asilimia 2, na mtaamka na vichwa vizito mkidhani ni uchovu wa safari. Acha matundu mawili ya kudumu, sentimita 10 kwa 10, moja chini karibu na sakafu na lingine juu upande wa pili, yote na wavu wa mbu. Yasiwe na mfuniko. Nikikupa mfuniko utaufunga siku AC itakapoonekana haipozi, nami nakufahamu.

Kuhusu AC yenyewe, kuna neno linalowachanganya watu madukani. Inveta ni kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230. Lakini kuna pia AC "ya inveta", ambayo maana yake ni nyingine: kompresa yake inaweza kupunguza mwendo badala ya kuwaka na kuzima. Wewe unazihitaji zote mbili. AC ya kawaida kila inapowaka inavuta kwa kufumba na kufumbua umeme mara tatu hadi sita ya ule wa kawaida, na ndicho kinachoangusha vifaa vya betri. AC ya inveta inaanza polepole, inapoza, kisha inajishikilia chini. Ya BTU 9,000, ndogo kabisa unayoweza kuipata kirahisi Kariakoo, ina uwezo wa kuondoa wati 2,640 za joto. Kwa boksi lililozibwa hiyo ni zaidi ya unachohitaji, na hapa ziada si hasara kwa sababu mashine itapunguza mwendo yenyewe. Chumba kikishapoa, usiku itakuwa inakula wati 250 hadi 400.

Watakushawishi pia ile ya magurudumu yenye bomba moja la kutolea joto dirishani. Iache. Bomba linatoa hewa nje, kwa hiyo hewa ya moto ya nje inaingia kupitia kila ufa kuziba pengo. Unalipa umeme kupoza ufukwe wa Pangani. Na ukiuziwa AC ya juu ya paa iliyotoka kwenye magari ya kulala ya Marekani, au yoyote iliyokuja ndani ya gari la Kijapani, geuza kibandiko usome volti kabla ya kutoa pesa. Marekani ni volti 120, Japani ni 100. Ukichomeka kwenye 230, utakuwa umenunua moshi. Hiyo ya paa ina ubaya mwingine: kilo 30 na kuendelea juu kabisa ya tela, pale ambapo kila kona itakukumbusha.

Kipande cha nje kifunge mbele, juu ya mkono wa kuvutia, kwenye fremu ya chuma uliyoichomelea, chini yake raba nene. Hapo ndipo tatizo la AC kwenye tela lilipo, kuliko hata umeme. AC ya nyumbani haijaundwa kutembea. Barabara ya vumbi iliyokunjamana kama bati inatikisa bomba za shaba maelfu ya mara kwa saa, na shaba ikitikisika mno inakuwa ngumu halafu inapasuka, mara nyingi jirani na nati. Usikate bomba liwe fupi la kutosha tu. Watengenezaji wengi wanataka walau mita 3 za bomba kati ya vipande viwili. Wewe weka hizo mita 3, na ziada izungushe duara moja au mbili pana zilizolala, zifungwe kwa kanda za raba. Duara hilo ndilo linalonywa mtikisiko. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo, si kwa nguvu za mkono na kelele za "tayari".

Umsimamie fundi wa AC kwenye jambo hili, hata akikasirika: lazima atumie pampu ya kunyonya hewa kwenye mabomba, dakika 20 hivi, kabla ya kufungulia gesi. Wengi wanafungua gesi kidogo ipulize hewa nje, wanakaza, wanaondoka. Hewa na unyevu vilivyobaki ndani vinakula kompresa taratibu, na mashine inakufa mwaka wa pili ukidhani ni njia mbovu. Tena gesi ya R32, iliyo kwenye mashine nyingi mpya, inaweza kushika moto, kwa hiyo kuipuliza ovyo karibu na kazi ya kuchomelea si mchezo. Baada ya safari ya kwanza, paka povu la sabuni kwenye kila nati. Kipovu kikitokea, umeokoa mashine.

Kipande cha nje kishonee koti la turubai la kuvaa njiani, maana Prado yako itakirushia vumbi na kokoto kila penye njia ya vumbi. Na tafadhali, andika kwa maandishi makubwa karibu na swichi: VUA KOTI. Maji yanayotoka kwenye kipande cha ndani yapitishe kwa bomba lenye mteremko hadi nje, na lipe mteremko wa kutosha kwa sababu tela haliegeshwi sawasawa kila mara. Pwani yanaweza kufika lita kadhaa kwa usiku mmoja. Ya kuoshea vyombo hayo, si ya kunywa.

Umeme. Betri ya lithiamu, ile ya chuma na fosfeti, ya volti 25.6 na ampea-saa 100, inabeba wati-saa 2,560 na karibu zote unaweza kuzitumia. Uzito wake ni kilo 25 hivi, wakati N200 mbili zinakaribia au kupita mia. Chagua volti 24 badala ya 12, kwa sababu nguvu ileile inapita kwa ampea nusu ya zile za volti 12 na waya unakuwa mwembamba na salama zaidi. AC ikila wastani wa wati 300 kwa saa nane, ni wati-saa 2,400, ongeza zinazopotea kwenye inveta uwe na 2,700. Umeona? Ukiwasha saa nne usiku, betri moja inakufikisha saa kumi na moja alfajiri hivi. Ukitaka hadi asubuhi bila wasiwasi, nunua ya ampea-saa 200. Au fanya nifanyavyo mimi: washa AC saa kumi jioni wakati paneli bado zinazalisha, magodoro na kuta vipoe kwa umeme wa jua, halafu usiku iweke nyuzi 26, si 18, na itege ijizime saa kumi. Pwani saa hiyo upepo wa nchi kavu umeshashuka. Feni ndogo ya wati 25 inamalizia.

Paneli mbili za wati 400 zinaenea kwenye paa lako. Siku ya jua zuri zitakupa wati-saa 3,000 hivi. Mwezi wa nne, na ukiwa umeegesha chini ya mkorosho, zitakupa nusu au robo. Ndiyo ugomvi wa kudumu wa kambi: kivuli unakitaka wewe, jua linatakiwa na paneli. Ongeza chaja ya kuchukua umeme kutoka kwenye alternata ya Prado na kuupandisha hadi volti 24. Hata ikiwa ndogo, ya wati 360, saa tano za kutoka Dar hadi Pangani ni wati-saa 1,800 ulizozipata bure ukiendesha. Inveta nunua ya wati 2,000 yenye mawimbi safi. Za bei nafuu zenye mawimbi ya ngazi zinaua saketi za AC. Fyuzi kubwa ikae sentimita chache kutoka kwenye betri, siyo kwenye inveta, maana waya ulio kati ya hivyo viwili ndio unaochoma matela.

Jenereta sitakukataza. Ila iwekwe mbali na tela, upande ambao upepo hauuleti moshi kwenye yale matundu mawili. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hauna rangi wala harufu ya kukushtua, na aliyelala haamki.

Bafu sasa. Mke wako anataka la ndani kwa ajili ya watoto usiku, naelewa, hasa Mikumi ambako giza lina wenyewe. Lakini bafu na AC kwenye chumba kimoja ni maadui. Kila lita ya maji inayogeuka mvuke, AC lazima itumie karibu wati-saa 670 za upozaji kuirudisha kuwa maji. Watu wanne wakioga ndani, taulo zikatundikwa, kuta zikaloa, ni kama umemwongeza mgeni asiyelala.

Nifanyavyo ni hivi. Kona ya nyuma natenga kijumba cha sentimita 75 kwa 75, lakini mlango wake unafunguka nje, wala si ndani ya chumba cha kulala. Ukuta kati ya bafu na chumba unajazwa povu kama kuta nyingine, na bafu lina tundu lake la hewa juu. Mlango wa chumba uwe upande uleule, hatua mbili kutoka wa bafu, na turubai kati yake. Mama na mtoto wanatoka, hatua mbili, wanaingia. Unyevu hauingii chumbani hata tone.

Vigae sahau. Kuta tatu za kijumba hicho ni mita za mraba 4 hivi, na vigae vyake vinapita kilo 70 hata kabla ya saruji, halafu vitapasuka kabla hamjafika Chalinze. Zile bodi za PVC za kuunganisha zinapendeza lakini kila kiungo ni mlango wa maji tela likijinyonganyonga. Tafuta mtu wa faiba, anayetengeneza au kuziba boti. Apige faiba juu ya plaiwudi ya majini, sakafu na kuta kwa mkupuo mmoja, kona ziwe za mviringo, sakafu iteremke kuelekea tundu la maji. Hakuna kiungo, hakuna silikoni ya kupaka upya kila mwaka. Chini ya tundu weka kona ya bomba inayobaki na maji ili harufu isirudi, kisha dumu la lita 20 la kupokea maji machafu. Usimwage sabuni kwenye nyasi za hifadhi.

Maji kiasi gani? Sisi tumekua tukioga kwa kopo na nusu ndoo, lita nane hadi kumi, na tulikuwa wasafi. Kichwa cha shawa cha lita 4 kwa dakika, ukilowa, ukafunga, ukapaka sabuni, ukafungua tena, mtu anatumia lita 6 hivi. Wanne ni 24. Tangi la lita 80 linawapa siku mbili za kuoga na maji ya vyombo. Pampu ndogo ya volti 12 inayokula ampea 3 au 4 inatosha. Hiyo ichukulie umeme wake kwenye kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12, pamoja na taa.

Lakini kabla hujanunua pampu, jaribu kitu kimoja kwa mwezi mzima. Nunua bomba la mgongoni la kupulizia dawa mashambani, la lita 16, jipya kabisa, ambalo halijawahi kuguswa na dawa. Badilisha ncha yake kwa kichwa kidogo cha shawa. Lushoto unachemsha lita 4 kwenye sufuria, unachanganya na lita 12 za bomba, unapata lita 16 za nyuzi 37 hivi, unasukuma mpini na mnaoga wawili. Hakuna umeme, hakuna hita, hakuna kuvuja. Nina wateja waliolipia mfumo kamili wa pampu na hita halafu wamerudi kwenye bomba la dawa.

Ukisisitiza hita ya gesi, ifunge nje kabisa ya tela, ukutani, siyo ndani ya kijumba cha bafu hata kama lina tundu. Mtungi nao ukae kwenye sanduku lenye matundu chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatambaa sakafuni.

Na kwa kuwa maji na volti 230 vitakuwa jirani: lazima uwe na breka ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30, na chasi nzima iungwe na athi ya inveta. Ijaribu kwa kitufe chake kila safari. Ndani ya bafu pasiwe na soketi. Taa iwe ya volti 12.

Nimeacha uzito mwisho, lakini ukweli ni kwamba ungeanza nao kesho asubuhi. Kilo 780 zako, ongeza maji 80, AC 35, betri 25, paneli 45, inveta na nyaya 10, povu na bafu la faiba 50, mtungi wa gesi 13, magodoro, nguo, vyakula na majiko 120. Umefika 1,158. Ulaya tela lililoruhusiwa kuzidi kilo 750 halivutwi bila breki zake lenyewe, na wao hawana Mlima Kitonga. Ekseli ya Hiace inakuja na breki zake. Ziunganishe kabla ya kununua hata bomba moja la AC.

Tangi la maji likae chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Mimi niliwahi kuweka lita 120 nyuma kabisa, chini ya bafu, kwa sababu bomba lilikuwa fupi. Kwenye mteremko wa kwanza, kilomita 80 kwa saa, tela likaanza kuyumba kushoto kulia na gari likafuata. Nilisalimika kwa kuachia mafuta na kushika usukani bila kuugeuza. Mkono wa mbele unatakiwa ubebe karibu asilimia 10 ya uzito wote, na kwako AC iliyo mbele itasaidia kusawazisha bafu lililo nyuma. Pima mara mbili, tangi likiwa tupu na likiwa limejaa, kwa sababu ni matela mawili tofauti.

Nitumie namba tatu: uzito wote ukiwa umepakia kama wa safari, uzito wa mkono wa mbele ukiwa umeuweka juu ya mizani peke yake, na saizi ya matairi pamoja na ile namba ya uzito iliyoandikwa ubavuni mwake. Nikizipata nitakuambia kama hiyo ekseli inabaki au tunatafuta nyingine.